Premio mpya hapa Arua: kabla ya oili, angalia maji

Ndugu yangu, umeuliza ufanye nini ili injini ya Toyota Premio uliyonunua, aina ya 1NZ, ikae miaka hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na umesema fundi wako anakwambia oili ikibadilishwa basi yatosha. Oili nitaifikia. Lakini injini yangu mimi iliuawa na maji, kwa hiyo naanza na maji.

Nilikuwa na Corolla 110, nachukua abiria wa kukodi Arua hadi Kampala. Miaka miwili nilikuwa najaza rejeta, ile inayopoza maji ya injini, kwa maji ya kisima. Maji ya kisima chetu yana chumvichumvi, hata birika la chai linashika ukoko mweupe chini. Ukoko huohuo unaganda ndani ya vijibomba vyembamba vya rejeta, na maji matupu yanazidisha kutu. Kwenye tambarare hutaona dalili yoyote. Siku hiyo nilitoka Pakwach saa nane mchana, gari limejaa, AC inavuma, nikaanza kupanda kuelekea Nebbi. Pakwach iko chini kando ya Nile, joto lake unalijua, na kutoka pale hadi Arua unapanda zaidi ya mita 500. Mshale wa joto ukaanza kwenda juu. Nikasema acha nifike Nebbi kwanza. Nebbi nilifika nikivutwa kwa kamba: moshi mweupe nyuma, oili kwenye kijiti ina rangi ya chai ya maziwa. Gasketi ya hedi, yaani ya kichwa cha injini, imeungua, na hedi yenyewe imepinda. Ada ya watoto ya muhula mzima iliishia pale.

Kwa hiyo mshale ukipanda, zima AC, fungulia hita ya ndani hadi mwisho hata kama mtatoka jasho, maana inasaidia kuvuta joto kutoka kwenye injini, kisha tafuta pa kuegesha hapohapo. Usiguse kifuniko cha rejeta. Maji yale yamebanwa na yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua tu yanakurukia usoni. Subiri hadi uweze kuweka kiganja juu ya rejeta bila kuungua. Na kifuniko chenyewe kikiwa na mpira uliochakaa kibadilishe, kwa sababu ndicho kinachobana hayo maji.

Weka kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, iliyokwisha kuchanganywa. Ukipata ile nzito, ichanganye nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi (distilled).

Sasa themostati, kile kifaa kinachozuia maji yasipite kwenye rejeta hadi injini ipate joto. Mafundi wengi wa huku wataitoa na kukwambia nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Walinitolea mimi pia, na petroli ikaanza kuisha kabla safari haijaisha. Injini imetengenezwa ifanye kazi ikiwa na joto lake, kama nyuzi 80 hadi 90 na kitu. Ikibaki baridi, kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa, inaendelea kumwaga mafuta mengi, mengine yanateremka na kuchanganyika na oili. Kuangalia kama yako ipo, washa gari asubuhi likiwa baridi na ushike paipu ya juu ya rejeta, mkono mbali na feni. Ikiwepo, paipu inakaa bila moto kwa dakika kadhaa halafu inapata joto ghafla. Ikiwa imetolewa, inapata joto polepole tangu mwanzo pamoja na injini. Mpya niliagizia soko la vipuri la Kisekka, Kampala, na bei yake haikuwa kitu mbele ya petroli niliyopoteza.

Oili: 1NZ inachukua kama lita 3.7 pamoja na filta. Mimi nabadilisha kila kilomita 5,000, filta nayo kila mara. Injini hiyo haina mkanda wa taimingi, ina cheni, na cheni pamoja na VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa vali kufunguka, vinategemea oili safi. Ukisikia mchakacho wa sekunde chache unapowasha asubuhi, usipuuze. Pima kijiti kila wiki gari likiwa mahali sawa, injini imepoa. Nunua kopo lenye muhuri, lifunguliwe mbele yako, na ukimaliza litoboe ili mtu asilijaze tena oili chafu na kuliuza.

Filta ya hewa, kwa vumbi letu, mimi naitoa kila mwezi. Nilipokuwa nikipita moramu, barabara ya udongo, ya Koboko hadi Yumbe, nilikuwa naitoa kila baada ya safari. Ipulizie kutoka ndani kwenda nje. Usiioshe, ni karatasi, na usikubali kuendesha bila filta hata siku moja. Mchanga ukiingia unasaga ringi za pistoni na silinda.

Plagi angalia aina iliyomo kwanza: za iridiamu zinafika hata kilomita 100,000, za kawaida hazifiki nusu ya hapo.

Kesho kabla hujawasha, fungua rejeta ikiwa baridi kabisa utuambie rangi ya maji yaliyomo. Yakiwa ya kahawia kama kutu, usisafiri nalo kwenda Kampala kabla rejeta haijasafishwa.