Maswali na majibu: Magonjwa adimu ya neva yanayorithiwa

Baba ana Huntington, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo, nami ndiye kifungua mimba. Je, nikiurithi mimi, wadogo zangu wamepona?

Hapana. Kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu, na hesabu huanza upya kila mimba.

Jeni ya Huntington ilipatikana 1993. Mbona hadi leo hakuna tiba? Wanatuficha?

Barua za "wanatuficha" zimenichosha. Jeni hiyo ilipatikana kwa sababu familia za kando ya Ziwa Maracaibo, Venezuela, zilitoa damu na kueleza nasaba zao kwa miaka mingi. Tukajua kwamba herufi CAG za jeni hiyo zikijirudia mara 40 au zaidi, mwenye nazo ataugua akijaliwa umri wa kawaida. Lakini kulijua kosa si kulirekebisha ndani ya ubongo. Mwaka 2021 dawa ya tominersen, inayodungwa kwenye uti wa mgongo, ilisitishwa katika jaribio kubwa: waliodungwa dawa hiyo mara nyingi walizorota zaidi kuliko waliodungwa sindano isiyo na dawa. Matokeo hayo yakatangazwa hadharani. Huko ndiko kuficha?

Tena njia hiyohiyo ya kudunga dawa kwenye uti wa mgongo imezaa matunda kwingine. Nusinersen, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2016 kwa watoto wanaodhoofika misuli kwa kufa neva za uti wa mgongo, imewawezesha kukaa wenyewe watoto ambao zamani wengi wao hawakufikisha miaka miwili.

Kuna kituo kinataka nilipe ndipo niingizwe kwenye utafiti wa seli shina, zile zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Nikope?

Usikope, usilipe. Utafiti wa kweli una kibali cha kamati ya maadili na fomu ya ridhaa unayopewa ukaisome kwa utulivu, na unaruhusiwa kujitoa siku yoyote. Ukionyeshwa bei na picha za "waliopona", ondoka. Na ujue kwamba ukishadungwa vitu hivyo, majaribio mengi halali hayatakupokea.

Nimpime binti yangu wa miaka 9? Hana dalili, ila babu yake alikufa kwa Huntington.

Mama, hapana. Nimeshajibu hili mara nyingi. Ugonjwa huo kwa kawaida huanza ukubwani na bado hauzuiliki. Akishakuwa mtu mzima ataamua mwenyewe, baada ya kukaa na mshauri wa jenetiki. Wapo wanaochagua kutojua, na hiyo ni haki yao.

Ukoo wetu una asili ya Afrika. Mama na mjomba walikuwa na mitukutiko, kisha wakapoteza kumbukumbu. Kipimo cha Huntington hakikuonyesha kitu. Daktari anasema basi si wa kurithi.

Arudie kusoma. Upo ugonjwa unaofanana nao mno, HDL2, unaotokana na jeni ya JPH3 iliyobainishwa 2001, na karibu wagonjwa wote wanaojulikana wana asili ya Afrika. Ombeni kipimo hicho kwa jina. Hazina za taarifa za jeni duniani zimejaa watu wa asili ya Ulaya, kwa hiyo koo kama yenu hupimwa ugonjwa wa wengine kisha zikaambiwa hazina kitu. Mkipata mtafiti mwenye kibali, mpeni damu na mti wa ukoo, na mdai mrudishiwe majibu.