Muulize Fundi: Turubai la trela na mvua za masika

SWALI: Mzee Fundi, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Njiro, Arusha. Mimi na mume wangu tuna trela dogo la kupigia kambi, ambalo tunalitumia na watoto wakati wa likizo, na mara nyingine tunawakodisha wageni wanaokwenda mbugani kwa magari yao wenyewe. Ubavuni mwake kuna turubai la kivuli linalokunjuliwa kutoka kwenye roli, lenye urefu wa mita 3 na upana wa mita 2.5, nalo hushikiliwa na mikono miwili ya alumini. Mwezi Aprili tulilala karibu na Karatu, mvua ikanyesha usiku kucha, na alfajiri tukakuta turubai limefanya tumbo kubwa la maji, mkono mmoja umepinda, na mshono wa pembeni umeachia. Tulilikunja hivyo hivyo tukarudi nyumbani. Tulipolifungua baada ya wiki mbili lilikuwa na madoa meusi na harufu ya uvundo. Fundi mmoja wa mtaani ametushauri tulipake mishumaa iliyoyeyushwa ndani ya mafuta ya taa ili lisivuje tena. Je, tufuate ushauri huo, na tufanyeje ili jambo hili lisijirudie?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la mafuta ya taa, kwa sababu linagusa usalama wa watoto: tafadhali msilipake. Ni kweli kwamba nta huzuia maji, na njia hiyo ni ya zamani. Lakini chini ya turubai la kambi ndipo mnapowasha jiko la gesi na mkaa, na kitambaa kilichonyweshwa nta na mafuta hushika moto upesi na kudondosha matone yanayowaka juu ya walio chini yake. Isitoshe, kama turubai lenu ni la plastiki, mafuta ya taa yataushambulia utando wake hadi ukakamae na kuanza kupasuka kwenye mikunjo.

Sasa tuje kwenye chanzo chenyewe. Watu wengi hudhani kwamba turubai huharibiwa na kulowa, na ndiyo maana hukimbilia dawa za kupaka. Mimi nimeshona na kutengeneza maturubai kwa miaka mingi, na yale yaliyoletwa kwangu yakiwa yameharibiwa na mvua yaliharibiwa na mambo mawili: maji yaliyotuama juu yake, na unyevu uliofungiwa ndani yake. Lenu limepatwa na yote mawili kwa safari moja.

Hesabu ya maji ni rahisi, nami ningependa kila mwenye trela aikariri. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita moja ya mraba hutoa lita 1 ya maji, na lita hiyo ina uzito wa kilo 1. Turubai lenu lina mita za mraba 7.5. Mvua ya milimita 20, ambayo wakati wa masika si jambo la kushangaza, humwaga juu yake lita 150, yaani uzito wa mifuko mitatu ya saruji. Hakuna mkono wa alumini wa trela uliotengenezwa kubeba mifuko mitatu ya saruji ikining'inia katikati. Tena tumbo la maji hujilisha lenyewe: maji machache ya kwanza hukivuta kitambaa chini, shimo linakuwa kubwa zaidi, nalo shimo kubwa hukusanya maji mengi zaidi, hadi pale sehemu iliyo dhaifu inaposalimu amri. Kwenu mshono na mkono vilisalimu amri pamoja.

Dawa yake ni mteremko, na mteremko huo uwekwe kabla wingu halijafika. Turubai likitandazwa sawasawa kama meza, kwa kuwa hivyo linapendeza na kichwa hakigongi, limeshaandaliwa kubeba bwawa. Kwa upana wa mita 2.5, mimi huushusha ukingo wa nje uwe chini ya ule wa trela kwa sentimita 40 hivi, kisha pembe moja ya nje naishusha sentimita nyingine 25, ili maji yote yapate njia moja ya kutokea. Pembe hiyo muichague kwa kuangalia ardhi: iwe upande ambao maji yakimwagika hayatarudi chini ya trela wala kuingia mahali mnapopikia. Kumbukeni pia kwamba trela lenyewe likiegeshwa likiwa limeinama, vipimo hivi hupotea, kwa hiyo lisawazisheni kwanza kwa gurudumu la mbele ndipo mshughulike na turubai. Mkiweza, ongezeni upau wa katikati unaokisukuma kitambaa juu kutoka kwenye roli hadi ukingo wa nje. Bomba jepesi la alumini lenye kifuniko cha mpira kwenye ncha linatosha, nalo hulinyima tumbo mahali pa kuanzia.

Kuhusu kamba, nawaomba muangalie zimetengenezwa kwa nini. Kamba ya katani, ambayo huku kwetu hupatikana kwa urahisi, ikilowa hunenepa na kufupika. Ukiikaza sana jioni, usiku itang'oa kigingi au itachana pete ya chuma kwenye pindo. Kamba ya nailoni hufanya kinyume, kwani ikilowa hurefuka kidogo, na turubai lililokuwa limekaza linalegea wakati ule ule ambao ulegevu ni hatari. Ninachofanya mimi ni kufunga kati ya kamba ya nailoni na pete kipande cha mpira wa ndani wa tairi, wa aina ile ile wanayofungia mizigo waendesha baiskeli, urefu wa kiganja kimoja, kikiwa kimevutwa nusu. Kamba ikirefuka mpira hurudi na kuufidia urefu huo, na upepo ukivuta mpira hukubali kabla kitambaa hakijachanika.

Usiku nao una kanuni yake. Ikiwa hakuna anayelala chini ya turubai, likunjeni kabla ya kulala, hata kama nyota zinaonekana. Mchana mtu huliona tumbo likianza na kulimwaga. Usiku hakuna mlinzi. Upepo ukija pamoja na mvua, likunjeni bila kungoja, mchana au usiku.

Na ikiwa mmechelewa, tumbo limeshajaa, msilisukume kwa mti. Hili nalisema kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa Marangu, mvua imetushika, nikasimama chini ya turubai na kulisukuma katikati kwa mpini wa fagio. Mpini ulipenya kitambaa, maji yakatoka kwa kishindo kupitia tundu lisilozidi sarafu, na tundu hilo likafunguka hadi kwenye pindo kabla sijaondoa mkono wangu. Tangu siku hiyo, ninaondoa watu wote chini, nalegeza mguu wa pembe moja polepole, nikiwa nimesimama nje, na kuyaacha maji yajiondokee. Yakishapungua ndipo mtu aweza kuinua yaliyobaki kwa kiganja au kwa ufagio laini uliofungwa taulo.

Turudi kwenye madoa meusi. Hayo ni kuvu. Kulikunja turubai likiwa bichi si kosa, kwa maana msafiri hawezi kukaa kambini akisubiri jua ambalo huenda lisitoke. Kosa ni wiki mbili zilizofuata. Kwenye joto na unyevu, kuvu huweza kuanza ndani ya siku moja au mbili. Mkifika nyumbani, lifungueni siku hiyo hiyo, au kesho yake asubuhi. Kama Arusha yote imefunikwa na mawingu, litundikeni barazani au ndani ya banda juu ya mti mnene wa mviringo, upepo upite pande zote mbili, na mligeuze. Msilitandaze juu ya bati linalochoma, wala msiliache juani siku nzima kwa nia ya kulikausha vizuri: sisi tuko karibu na ikweta, tena Arusha iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na jua la namna hiyo hula uzi wa mishono pamoja na utando wa juu. Saa chache za asubuhi zinatosha.

Kabla ya kulisafisha, lazima mjue ni la kitambaa gani. Chomoeni uzi mmoja kutoka ndani ya pindo, muuchome kwa kiberiti mbali na trela. Ukiungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini, ni pamba. Ukiyeyuka na kufanya kijipunje kigumu, ni uzi wa kiwandani. Kwa aina zote mbili, anzeni kwa kulipiga brashi laini likiwa kavu kabisa, nje ya nyumba, mkiwa mmefunika pua, ili vumbi la kuvu lisiingie kifuani. Kisha changanyeni siki nyeupe na maji kwa viwango sawa, mjaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana, mpake kwenye madoa, mngoje kama nusu saa, msuuze kwa maji mengi. Palipobaki uchafu tumieni sabuni kidogo ya kipande. Sabuni ya unga muiache, kwa sababu masalia yake yakibaki kwenye kitambaa huyaita maji yapenye badala ya kuyafukuza. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe ndiyo mbaya zaidi. Inaondoa doa, lakini inadhoofisha pamba na uzi, na turubai litachanika safari ijayo. Huenda kivuli cha doa kikabaki hata kuvu ikiwa imekufa, na hilo lisiwasumbue.

Likishakauka, linyunyizieni maji. Yakijikusanya kuwa matone na kuteleza, kinga yake ingali hai. Kitambaa kikigeuka rangi na kuyanywa, ndipo sasa pana haja ya kununua dawa ya kuzuia maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mahema, ya aina inayokifaa kitambaa chenu.

Mshono ulioachia mpelekeeni fundi anayeshona maturubai ya malori, lakini simameni naye. Aweke kiraka ndani na nje, pembe za kiraka ziwe za mviringo, atumie uzi wa poliesta na mishono mirefu kiasi, maana sindano nene na mishono iliyosongamana huchora mstari wa matundu ambao utachanika kama ukurasa wa daftari la risiti. Halafu liinueni mbele ya jua: kila nukta ya mwanga mtakayoiona kwenye mshono ni njia ya maji. Kwenye turubai la pamba, sugueni nta ya nyuki kwenye mstari huo peke yake, nyembamba, pande zote mbili. Kwenye la plastiki tumieni gundi ya mishono ya mahema.

Mkono uliopinda msiunyooshe kwa nyundo mkautegemea tena. Alumini ikishapinda na kunyooshwa hubaki na udhaifu pale pale, na itavunjika ghafla. Nunueni mwingine.

SWALI: Ndugu Fundi, nipo Moshi. Trela langu linakaa nje ya nyumba mwaka mzima. Nimelifunika lote kwa karatasi nzito ya plastiki, nikaifunga chini kabisa kwa kamba, lakini turubai lililo ndani ya mfuko wake linatoa harufu ingawa mvua haijaligusa. Sababu ni nini?

JIBU: Ndugu msomaji, plastiki yako inazuia mvua na inazuia pia unyevu kutoka. Unyevu wa ardhi na wa hewa hupanda, usiku plastiki inapopoa unageuka kuwa matone upande wa ndani, na matone hayo yanaudondokea mfuko. Ifunue asubuhi na mapema uiguse kwa ndani, utaikuta imelowa. Iinue juu ya miti miwili iwe kama paa, ibaki nafasi ya angalau sentimita 30 kati yake na trela, na pande mbili ziwe wazi. Zipu ya mfuko wa turubai iache wazi kidogo upande unaotazama chini. Kila mwezi, siku kavu, lifungue lote na ulipige brashi, kwa kuwa vumbi la safari likibaki kwenye mikunjo hushika unyevu, na likisagwa kati ya kitambaa na kitambaa linakwangua utando. Ukilikuta limeshaanza madoa, fuata utaratibu niliompa msomaji wa Njiro hapo juu, na usilirudishe mfukoni hadi pindo lake, lililo nene kuliko sehemu nyingine zote, liwe kavu ukilibana kwa vidole.