Maswali ya Wasomaji: Diski ya Blu-ray Imegoma Kwenye Kompyuta

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua filamu tatu za Blu-ray, zote halali na bado zikiwa ndani ya nailoni zake. Kiendeshi cha DVD cha kompyuta yangu hakikuzitambua kabisa, basi nikanunua kiendeshi cha Blu-ray cha kuchomeka kwenye USB. Sasa diski inazunguka, jina la filamu linaonekana, hata mafaili nayaona, lakini VLC, programu ya kuchezea video, inakataa kuionyesha. Je, nimeuziwa diski mbovu?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji, kwa maelezo uliyotoa diski zako ni nzima, na kiendeshi ulichonunua kinafanya kazi yake. Kiendeshi cha kwanza kilishindwa kwa sababu ya kimaumbile tu: leza ya DVD ni nyekundu, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 650, ilhali Blu-ray husomwa kwa leza ya buluu-zambarau ya nanomita 405, ambayo hukusanyika katika nukta ndogo zaidi na kufuata mistari ya data iliyobanana mno. Kubanana huko ndiko kunakoiwezesha diski yenye ukubwa uleule kubeba gigabaiti 25 kwa tabaka moja au 50 kwa matabaka mawili, badala ya 4.7 au 8.5 za DVD, na ndiko kunakokupa picha ya pikseli 1920 kwa 1080.

Tatizo la pili ni la namna nyingine. Ukiifungua diski hiyo kama unavyofungua folda yoyote, utakuta folda iitwayo BDMV, na ndani yake STREAM, ambamo filamu imehifadhiwa katika mafaili yenye majina ya namba yanayoishia na m2ts. Sasa angalia kando ya BDMV: ukiiona folda nyingine iitwayo AACS, umeshapata jibu lako. Hilo ni jina la mfumo wa kufuli unaotumiwa katika filamu za Blu-ray zinazouzwa madukani. Picha na sauti zimo humo kikamilifu, ila zimesimbwa, yaani zimegeuzwa kuwa fumbo, na funguo za kuzisimbua hupewa watengenezaji wa vifaa na programu zenye leseni peke yao. Mashine ya Blu-ray ya kuunganisha na televisheni huja na funguo zake ndani, kwa hiyo mwenye nayo huenda asijue kamwe kwamba kuna kufuli. Windows haiji na funguo hizo. VLC nayo inaujua muundo wa Blu-ray na itakuchezea diski isiyofungwa, kama ile ya harusi uliyojichomea mwenyewe, lakini funguo za filamu za madukani haina.

Unachohitaji, basi, ni programu ya kulipia yenye leseni, kama PowerDVD. Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba toleo hasa unalouziwa linacheza filamu za Blu-ray, kwa kuwa programu ya jina moja huuzwa kwa matoleo kadhaa, na lile la bei ya chini linaweza kuwa linaishia kwenye DVD. Hakikisha pia kwamba bado inasasishwa. Jambo hili nalisisitiza kwa uzito, kwa sababu funguo hizi zinaweza kubatilishwa. Mwaka 2007, baada ya wadukuzi kuzichomoa funguo kutoka kwenye programu za kompyuta, funguo za zamani zilifutwa, na watumiaji wa WinDVD, mojawapo ya programu hizo, wakaambiwa wasasishe programu yao, la sivyo filamu mpya zisingewachezea. Mnunuzi hakuwa ametenda kosa lolote, lakini yeye ndiye aliyebebeshwa usumbufu. Naona si haki hata kidogo kwamba mtu aliyelipia diski, kiendeshi na programu bado awe anaomba ruhusa ya kuitazama filamu iliyo mkononi mwake, na sikubaliani na wanaouita mpango huu ulinzi wa mteja.

Kiungo cha mwisho katika mnyororo huu ni skrini. Programu yenye leseni hudai kwamba skrini na kebo vikubaliane na kinga iitwayo HDCP, inayozuia picha isinakiliwe njiani, kwa hiyo tumia HDMI au DisplayPort. Nakala za funguo huzagaa mtandaoni, lakini sitakushauri uzifuate bila kuijua sheria ya nchi yako. Marekani, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 1998 inayokataza kuvunja kinga za aina hii.

SWALI: Kompyuta yangu ni mpya na ina nguvu kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, lakini programu inaniambia kwamba haiwezi kucheza diski za 4K. Ya zamani ya ndugu yangu inazicheza. Inawezekanaje?

JIBU: Inawezekana, na upya wa kompyuta yako ndio kisa chenyewe. Diski za Ultra HD Blu-ray, ndizo hizo za 4K, zilizoingia sokoni mwaka 2016 zikiwa na picha ya pikseli 3840 kwa 2160, zilipowekewa kanuni za kuchezwa kwenye kompyuta zilidai kichakataji chenye sehemu ya siri iitwayo SGX, ambamo funguo hufanyiwa kazi bila programu nyingine kuchungulia. Kampuni ya Intel ilikuwa na sehemu hiyo katika vichakataji vyake vya kizazi cha 7 hadi cha 10, kisha ikaiondoa katika vile vya kompyuta za kawaida kuanzia kizazi cha 11. Vya kampuni ya AMD havikuwahi kuwa nayo. Hakuna programu ya kusasisha itakayokirudisha kilichoondolewa ndani ya kichakataji, kwa hiyo usimruhusu muuzaji akuuzie kiendeshi kingine kwa ahadi hiyo. Nunua mashine ya Ultra HD ya kuunganisha na televisheni. Kabla ya hapo, fungua tena kasha la filamu yako: mengi huwa na diski mbili, ya 4K na ya Blu-ray ya kawaida, na hiyo ya pili kompyuta yako itaicheza ukiwa na programu inayofaa.

SWALI: Nimeletewa zawadi ya Blu-ray yenye alama ya herufi A, na programu inadai nipo eneo B. Nifanyeje?

JIBU: Blu-ray imegawa dunia katika maeneo matatu. A ni pamoja na Amerika na Japani, B ni Ulaya, Afrika na Australia, na C ni pamoja na China, India na Urusi. Programu hukuruhusu kubadili eneo mara chache tu, kwa kawaida mara 5, kisha hujifunga palepale ulipoishia, basi usibadili kwa ajili ya filamu moja kabla hujahesabu. Filamu nyingi hazina kizuizi hiki, na za Ultra HD hazina kabisa.

SWALI: Diski yangu hukwama mahali palepale kila mara. Nisafisheje?

JIBU: Ishike kwa ukingo na tundu la katikati, kisha uiinamishe chini ya taa mpaka mwanga uteleze juu ya uso wake; alama ya kidole itajitokeza kama ukungu, na mkwaruzo kama uzi mweupe. Data ya Blu-ray ipo milimita 0.1 tu chini ya uso huo, ilhali ya DVD ipo milimita 0.6, ndiyo maana diski hizi hupakwa tabaka gumu la kinga na ndiyo maana pia uchafu mdogo huzisumbua. Futa kwa kitambaa laini na kikavu, kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni kwa mstari mnyoofu. Usizungushe mkono, kwa kuwa mkwaruzo unaofuata mzunguko hula data nyingi mfululizo, ambayo kiendeshi hakiwezi kuifidia, ilhali ule unaokatiza hugusa kidogo tu katika kila mstari.