Anzeni na rangi, mwangaza utawadanganya

Kila mwaka napokea wanafunzi wapya wanaotaka kujifunza kutazama nyota, na kila mwaka nawauliza swali lile lile: ile nyekundu na ile nyeupe yenye ubluu, ipi ina joto zaidi? Karibu wote hunionyesha nyekundu. Siwalaumu. Tumekua tukijua nyekundu ni moto. Hata bomba la maji ya moto huwekwa alama nyekundu na la baridi alama ya bluu. Mimi mwenyewe, kwenye daftari langu la kwanza, niliandika kwamba Ibuti la Jauza, nyota nyekundu iliyo begani mwa Jabari (kundi la nyota ambalo vitabu vya nje huliita Orion), ndiyo yenye joto kuliko zote angani. Nyota hiyo vitabu vingi huiandika Betelgeuse. Kosa hilo nilikaa nalo karibu mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyelipitia daftari lile. Nisingependa ninyi mkae nalo hata wiki moja.

Kabla hamjainua macho juu, nendeni kwa mhunzi. Simameni pembeni mtazame nondo ikiingia motoni. Mwanzoni haionyeshi kitu, ingawa ukiigusa utaungua. Kisha ncha yake inakuwa nyekundu ya kiza, kama kaa lililofunikwa na majivu. Hapo iko kwenye nyuzi 700 hivi za selsiasi. Mhunzi akizidi kuvukuta, wekundu unageuka kuwa rangi ya chungwa, halafu njano, na ikikaribia nyuzi 1,300 inang'aa kwa njano iliyopauka, inayoelekea weupe, na macho hayaihimili. Hakuna aliyeipaka rangi. Mnachokiona ni joto lenyewe.

Nyota nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 1893 Mjerumani Wilhelm Wien aliiweka kanuni hii katika hesabu: chukua 2,900,000, gawa kwa halijoto ya uso wa nyota katika kelvini (nyuzi za selsiasi ukiongeza 273), utapata urefu wa wimbi la nuru, kwa nanomita (sehemu za bilioni za mita), ambapo nyota hiyo inatoa nuru kwa wingi kuliko kwingine. Jua letu lina kelvini 5,800 hivi, kwa hiyo jibu ni 500, eneo la kijani. Mtaniuliza mbona Jua si la kijani. Ni kwa sababu linatoa rangi zote kwa pamoja, na jicho likizichanganya linaona weupe. Ndiyo maana hamtaiona nyota ya kijani hata mkikesha. Ibuti la Jauza, lenye kelvini 3,500 hivi, jibu lake ni karibu 830, ng'ambo ya nyekundu, mahali ambapo jicho halifiki. Rijili (Rigel), iliyo mguuni mwa Jabari huyo huyo, ina kelvini 12,000 hivi na jibu lake ni karibu 240, ng'ambo ya zambarau. Kwa hiyo nyekundu ndiyo iliyopoa, yenye ubluu ndiyo yenye joto kali.

Tahadhari moja: msiichukue taa ya sola mkaipima kwa kanuni hii. Weupe wake hautokani na joto, na mkiishika haiunguzi kama nondo. Kanuni ni ya kitu kinachong'aa kwa sababu kimepata moto.

Sasa tuje kwenye mwangaza, ambako wengi hupotea.

Wanafunzi wangu huwa nawapeleka Kayenze, ufukweni mwa Ziwa Victoria huku Mwanza, siku za giza, mwezi unapokuwa haupo. Wavuvi wa dagaa nao huzisubiri siku hizo hizo, kwa hiyo tukifika tunakuta ziwa limejaa taa. Usiku mmoja nilikuwa nahangaika kueleza umbali wa nyota, na naona nyuso hazinielewi. Binti mmoja, mtoto wa mvuvi, akanyoosha kidole majini akasema, "Mwalimu, taa zote zile ni za aina moja. Ile kubwa si kubwa, ipo karibu tu." Nikaacha kufundisha kwa muda, tukakaa tunazitazama. Mtumbwi mmoja ulikuwa umbali wa kurusha jiwe, mwingine mbali kabisa, taa yake imebaki nukta. Nukta ile ilikuwa na rangi ile ile ya taa ya karibu. Umbali ulikuwa umechukua mwangaza, rangi ukaiacha.

Toka usiku ule sifundishi tena kwa njia nyingine. Taa ikiwa mbali mara 2, mwangaza unaokufikia ni robo. Mbali mara 10, ni sehemu 1 ya 100. Kisha tazameni juu, katikati ya Februari, kama saa tatu usiku. Shira, ambayo kwa vitabu vya nje ni Sirius, ndiyo nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Kusini kwake iko Suheli (Canopus), ya pili yake. Kwa macho, Shira ina mwangaza karibu mara 2 ya Suheli. Lakini Shira iko umbali wa miaka ya nuru 8.6 tu (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), na kwa kweli inatoa nuru mara 25 hivi ya Jua. Suheli iko miaka ya nuru 310 hivi, na inatoa nuru zaidi ya mara 10,000 ya Jua. Shira ni mtumbwi wa karibu.

Kuna jambo la tatu, ukubwa, na hili ndilo linaloifanya nyota iliyopoa iweze kuishinda yenye joto. Kila mita ya mraba ya uso wa nyota hutoa nuru kwa kadiri ya halijoto ikizidishwa yenyewe mara nne. Ukiongeza halijoto mara 2, nuru inaongezeka mara 16. Mita moja ya mraba ya Ibuti la Jauza hutoa kama sehemu 1 ya 8 tu ya ile ya Jua. Ila upana wake ni mara mamia kadhaa ya upana wa Jua. Tukichukua 700, eneo lake ni mara 490,000, na nuru yake yote inafika zaidi ya mara 60,000 ya Jua. Linganisheni tanuri la mkaa na cheche ya fundi wa kuchomelea: cheche ni nyeupe na ina joto kuliko mkaa, lakini tanuri ndilo linalowapa joto watu wote waliolizunguka. Shira ina mwenzake mdogo, mwenye kelvini 25,000 hivi na ukubwa kama wa Dunia. Joto lote hilo, na kwa macho matupu hamumwoni.

Kuhusu kutazama kwenyewe, msisome rangi ya nyota iliyo karibu na upeo wa ziwa. Hewa iliyo chini ni nene, na miezi ya kiangazi huwa na vumbi na moshi wa mashamba, hivyo nyota nyeupe hutoka na wekundu usio wake. Subirini ipande. Sisi wa Mwanza tuna bahati hapa, kwa sababu tuko karibu na ikweta na Jabari hupita karibu utosini, bega lake na mguu wake vikiwa mahali pazuri pa kulinganishwa. Msitarajie rangi kwenye nyota hafifu pia. Jicho gizani huona wangavu tu. Mkiwa na darubini ya macho mawili, vurugeni kidogo ulengaji wake ili nyota itanuke kuwa kiduara, na rangi itajitokeza wazi. Mwezi wa saba ifanyeni kazi hii kwenye nyota nyekundu ya moyo wa Nge.

Mwisho kuna grafu, na hiyo msiikimbie. Ejnar Hertzsprung wa Denmark na Henry Norris Russell wa Marekani waliifikia, kila mmoja kwa njia yake, kati ya 1911 na 1913. Mng'aro halisi unapanda juu, na halijoto inakwenda kinyume na mlivyozoea: yenye joto iko kushoto. Wengi hukosea hapo. Nyota nyingi, Jua likiwamo, hulala kwenye mstari mmoja wa mshazari uitwao safu kuu, na humo yenye joto zaidi ndiyo inayong'aa zaidi. Majitu mekundu kama Ibuti la Jauza hukaa nje yake, juu kulia.

Mkichora nukta za nyota mnazoziona Kayenze, karibu zote zitajaa nusu ya juu. Msidhani anga ndivyo ilivyo. Jicho ni wavu wa sangara. Kwa macho yake makubwa hauwezi kuleta dagaa, na anayeutegemea peke yake ataapa kwamba ziwa halina dagaa. Karibu robo tatu ya nyota zote ni vibete vyekundu, yaani nyota ndogo zilizopoa, na hakuna hata kimoja kinachoonekana kwa macho matupu. Hata jirani yetu wa karibu kuliko wote, Proxima Centauri, aliye umbali wa miaka ya nuru 4.24, ni wa kundi hilo: ana kelvini 3,000 hivi, rangi jirani na ya Ibuti la Jauza, na nuru yake haifiki hata sehemu 1 ya 500 ya Jua. Mwekeeni nukta kwa penseli, chini kabisa kulia, kisha pimeni kwa rula nafasi iliyopo kati yake na jitu lile la juu.