Darubini kwenye Mauser 98 ya kijeshi

Ndugu, umeuliza kama bunduki yako ya kijeshi ya Mauser 98 inaweza kufungwa darubini ya kulengea bila kuiharibu. Inawezekana, ila kikwazo kikubwa ni bolti (komeo linalofunga risasi ndani), kuliko vishikio vya darubini vyenyewe. Ukiifungua, mkono wake hunyanyuka na kugonga darubini iliyokaa chini. Sefti yake ya bawa, yaani kifungio cha usalama kilicho nyuma ya bolti, nayo hupita juu, ikagonga vilevile. Njia ya kawaida ni kuinamisha mkono au kuchomelea mwingine, na kuweka sefti inayosogea pembeni.

Kutoboa chuma cha juu kinachobeba bolti, ili vishikio vifungwe kwa skrubu, ndiko kunakonitia hofu. Uso wa chuma hicho umetiwa ugumu, keekee ya kawaida huteleza na tundu likaenda kombo. Skrubu ya kishikio cha mbele ikizidi urefu kidogo tu, inachomoza ndani na kuzuia meno ya bolti. Hiyo ni kazi ya fundi bunduki.

Kama namba zilizopigwa kwenye vipande vya bunduki bado zinalingana, yaani ni vya asili, tafadhali usiitoboe! Tafuta kishikio kinachokaa mahali pa kilengeo cha nyuma, juu ya mtutu, pamoja na darubini iliyotengenezwa kukaa mbali na jicho. Mkono na sefti vinabaki vilivyo, na hata kupakia risasi kwa klipu unaendelea kama zamani.