Chupa moja ya miti shamba kwa kikohozi cha mtoto na cha mama mkwe

Dada uliyeuliza kutoka Nyalenda, Kisumu, umesema kwamba mama mkwe wako amenunua sokoni Kibuye chupa ya dawa ya kikohozi iliyochemshwa kwa mizizi na magome na kutiwa asali, na kwamba anataka ainywe yeye, ambaye amekohoa zaidi ya mwezi, na pia apewe mtoto wako wa miezi minane. Unataka kujua kama dawa ya aina hiyo inafanya kazi na kama ni salama. Nimekulia kando ya meza ya miti shamba, kwa kuwa mama yangu aliiuza kwa miaka mingi katika soko la Luanda, kule Vihiga, na kwa hiyo siidharau hata kidogo. Hata hivyo, chupa yako inataka kutibu wagonjwa wawili wasiofanana kwa lolote ila kukohoa.

Nianze na mtoto. Asali haipewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, iwe imetoka mzingani Baringo au imenunuliwa dukani. Huweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ambazo mtu mzima huzimeza bila kudhurika, lakini katika utumbo mchanga huamka na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumua. Kuchemsha jikoni hakuziui. Akishavuka mwaka, kijiko kidogo cha asali kabla ya kulala ni miongoni mwa tiba chache za nyumbani zilizopimwa katika utafiti na kuonekana kutuliza kikohozi cha usiku, ijapokuwa kwa kiasi. Kwa sasa mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na umsafishe pua kwa matone ya maji ya chumvi ya dukani. Kumfukiza kwa sufuria ya majani ya mkaratusi usithubutu, kwa sababu watoto huunguzwa na maji hayo, na mafuta ya mti huo yakimezwa, hata kidogo tu, huweza kuleta degedege.

Lililo muhimu kuliko dawa yoyote ni kumhesabia pumzi. Mpandishe nguo akiwa ametulia, asiwe analia wala kunyonya, utazame kifua kikiinuka na kushuka, uhesabu kwa dakika nzima ukitumia saa ya simu. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi kumi na miwili, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni dalili ya nimonia; kuanzia mwaka mmoja hadi mitano kipimo ni 40. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, au amekataa kunyonya, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu anaweza kukuonyesha namna ya kuhesabu.

Sasa mizizi na magome. Katika dawa za kikohozi zinazouzwa huku kwetu hadi Nakuru, gome maarufu ni la mti ambao Wakikuyu huuita muthiga na Wakalenjin sogoet. Ukilitafuna linawasha kama pilipili. Maabara zimeonyesha kwamba viambato vyake huua baadhi ya bakteria na kuvu, lakini kuua vijidudu ndani ya kioo si sawa na kutibu kifua, na vikohozi vingi vya mafua huletwa na virusi. Isitoshe, kikohozi cha mafua huweza kuchukua hadi wiki tatu kuisha chenyewe. Mteja wa mama alikuja wiki ya pili akiwa amechoka, akanywa, akapona wiki ya tatu, kisha akawaleta majirani. Mama alilijua hilo vizuri, na msimu wa mvua alipandisha bei bila haya. Lakini kabla ya kufungua mkebe aliuliza umri wa anayekohoa, kikohozi kilianza lini, na kama kuna damu, jasho la usiku au kukonda. Jibu likiwa baya alimwelekeza mteja zahanati bila kumuuzia kitu.

Aliyekuuzia chupa hakumuuliza mama mkwe wako chochote kati ya hayo. Hatujui gome ni la mti gani, limechemshwa kwa maji kiasi gani, wala limekaa juani siku ngapi. Wakaguzi wa nchi mbalimbali wamewahi kukuta vidonge vya steroidi, dawa kali za hospitali za kutuliza uvimbe, vimesagwa ndani ya dawa zinazodaiwa kuwa za mitishamba tupu, na hizo humpa mgonjwa nafuu ya haraka huku zikificha ugonjwa. Tofauti naipata katika Naturub, marhamu ya kupaka inayotokana na mmea wa mwonyi ambao wakulima wa karibu na msitu wa Kakamega hupanda: ilisajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, inayodhibiti dawa nchini Kenya, na ina lebo. Lebo nayo si kinga kamili, kwani mwaka 2022 makumi ya watoto walikufa Gambia baada ya kunywa dawa za maji za kiwandani zilizochafuliwa na kemikali inayoharibu figo.

Kwa mama mkwe, tatizo ni huo mwezi mzima. Mtu aliyekohoa wiki mbili au zaidi anapaswa kupimwa makohozi kwa kifua kikuu, na katika hospitali za umma nchini matibabu yake ni ya bure. Muulize pia kama anatumia dawa ya shinikizo la damu. Baba yangu mdogo alikohoa kikavu kwa muda mrefu, akanywa kila kilichochemshwa kuanzia tangawizi hadi mwarobaini, na jamaa mmoja akashauri akatwe kimeo, ushauri ambao nashukuru aliukataa. Daktari alipotazama pakiti ya vidonge vyake aliona enalapril, dawa ya shinikizo la damu ambayo huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, akambadilishia losartan, dawa nyingine ya shinikizo, na kikohozi kikaisha taratibu bila dawa yoyote ya kifua. Lakini mama mkwe asijiachishe vidonge mwenyewe. Kama hupikia kuni katika jiko lisilo na dirisha, hilo pia lisemwe kliniki.

Usimwage dawa yake mbele yake, utaleta ugomvi usio na maana. Mwombe aende kliniki na chupa hiyo pamoja na pakiti za vidonge vyake vyote, mhudumu avione pamoja, na hadi atakapopimwa aweke chupa kando. Anaweza kunywa maji ya uvuguvugu yenye tangawizi na limau bila wasiwasi. Mtoto asipewe hata tone.