Maswali ya Wasomaji: Kiatu Kipya Kimetoka, Mbona Mwanariadha Anatafuta cha Zamani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari wilayani Karatu. Baadhi ya vijana wangu waliokwisha kumaliza shule wanaendelea na mazoezi ya mbio ndefu, na hivi karibuni mfadhili mmoja alituletea viatu vya toleo jipya, vikiwa bado ndani ya maboksi. Haukupita muda nikawaona wawili wamerudia raba zao za zamani, na mmoja akaniomba nimsaidie kutafuta jozi nyingine ya toleo lile lile la zamani, ambalo limeshaadimika madukani. Nilidhani ni kukosa shukrani, au ni imani tu ya kwamba kiatu fulani kina bahati. Je, ipo sababu ya kweli? — Mwalimu wa michezo, Karatu.

JIBU: Mwalimu, tunakuomba usiwahesabie vijana hao kosa, kwa sababu wanachokitafuta kipo na kinaweza kupimwa. Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba jina la kiatu hudumu miaka mingi ilhali kiatu chenyewe hakidumu. Nike Pegasus, kwa mfano, ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1983, na kufikia 2024 ilikuwa imefika toleo la 41. Mnunuzi huona jina lile lile na nembo ile ile, akadhani kilichoongezeka ni tarakimu na rangi, kumbe ndani yake povu la soli limebadilishwa, kalibu inayokipa kiatu umbo imebadilishwa, na pengine hata kimo cha kisigino si kile cha awali.

Kimo hicho ndicho chenye matatizo mengi zaidi, kwa hiyo tukieleze kwa kirefu. Kila kiatu cha mbio kina tofauti fulani kati ya unene wa soli chini ya kisigino na unene wake chini ya vidole, na tofauti hiyo ndiyo tunayoiita hapa kimo cha kisigino. Hoka Clifton ilijulikana kwa muda mrefu kwa tofauti ya milimita 5. Toleo la 10, lililotoka mwaka 2025, likaipandisha hadi milimita 8. Milimita 3 ni kitu kidogo mno machoni, lakini mtu anayekimbia marathoni hupiga hatua makumi ya maelfu, na kila hatua hugawa uzito kati ya viungo kwa namna inayotegemea kimo hicho. Kisigino kikishushwa, mzigo huelekea kwenye misuli ya shavu la mguu na kwenye ukano ulio nyuma ya kifundo. Kikipandishwa, sehemu ya mzigo huo huhamia kwenye goti. Mwanariadha ambaye misuli na kano zake zimekomaa kwa miezi mingi juu ya kimo kimoja akibadilishiwa ghafla, huku akiendelea na kilomita zile zile za kila wiki, anaweza kupata maumivu ambayo hakuwa nayo, wala hatajua yametoka wapi.

Wapo pia wanaotegemea kiatu kiwasaidie mguu usilale sana upande wa ndani. Kwa miaka mingi viatu vya aina hiyo viliwekwa kipande cha povu gumu upande wa ndani wa soli. Brooks Adrenaline ilikiondoa kipande hicho kuanzia toleo la 19, ikaweka kingo za kuongoza kisigino pande zote mbili, na Asics Gel-Kayano ikafanya mageuzi ya namna yake katika toleo la 30, mwaka 2023. Huenda mbinu hizo mpya ni nzuri, na wengi wamezipokea vizuri. Lakini kwa mkimbiaji aliyezoea kuhisi ugumu ule chini ya upinde wa wayo wake, hicho ni kiatu kingine kabisa kilichopewa jina la rafiki yake wa zamani.

Tunapendekeza uwakalishe vijana wako na kuweka mezani jozi zote mbili, ya zamani na mpya, kiatu cha kulia kando ya cha kulia. Vitazameni kwa juu, muone ni kipi kinachoanza kubana mapema kuelekea kidole gumba. Bonyezeni kwa kidole soli ya kati upande wa kisigino, kisha upande wa vidole. Kikunjeni kila kimoja na kuangalia kinapokunjikia, kwa maana kiatu kinachokunjika mahali pasipokunjika vidole humchosha mvaaji. Pitisheni vidole ndani, mahali ulimi ulipounganishwa na pembeni, mtafute mshono uliohamishwa. Mara nyingi sababu ya kijana kukikataa kiatu hupatikana hapo hapo mezani, ingawa yeye mwenyewe alikuwa anajua kusema tu kwamba "hakinikai".

Na kauli hiyo ya "hakinikai" ina uzito kuliko tunavyodhani. Benno Nigg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walipendekeza mwaka 2015 kwamba mkimbiaji achague kiatu kwa kigezo cha raha anayoihisi mguuni, kwa kuwa mwili wa kila mtu una njia yake ya kutembea na kukimbia, na kiatu kinachoiheshimu njia hiyo ndicho kinachohisiwa kuwa cha raha. Utafiti mwingine unatugusa kwa karibu zaidi. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya wakimbiaji 7 wa Kenya wa kiwango cha dunia na 7 wa Ulaya wasio wa kulipwa, wakiwa wamevaa viatu vya kisasa vyenye bamba gumu la nyuzi za kaboni ndani ya soli. Miongoni mwa Wakenya hao, wapo waliotumia nguvu pungufu kwa zaidi ya asilimia 11 wakilinganishwa na walipovaa kiatu cha kawaida chenye soli nyembamba, na wapo waliotumia nguvu nyingi zaidi kwa kiasi kama hicho hicho. Viatu vya aina moja, basi, havikuwafaa wote sawasawa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi tulio pembeni ya uwanja hatuna budi kumwamini anayelalia.

Mashindanoni hofu ya kitu kipya huwa kubwa zaidi, na ina mifano. Tarehe 27 Septemba 2015, katika marathoni ya Berlin, Eliud Kipchoge alivaa viatu vya majaribio ambavyo havijafika sokoni. Soli za ndani zikaanza kuchomoka mapema katika mbio, akakimbia kilomita nyingi huku zikipeperuka nje ya viatu kwenye visigino, mguu wake wa kushoto ukitoka malengelenge na damu. Alishinda kwa saa 2:04:00. Baada ya mbio alieleza kwamba alikuwa amevijaribu mazoezini bila tatizo lolote. Ikiwa bingwa wa kiwango hicho, mwenye kampuni nzima nyuma yake, alipatwa na hayo, kijana wa Karatu anayeng'ang'ania jozi aliyokwisha kuijua anatumia akili.

Tabia hii haiko kwenye riadha peke yake. Toni Kroos, kiungo wa Real Madrid na timu ya taifa ya Ujerumani, alicheza miaka kama kumi akiwa amevaa kiatu kimoja, Adidas Adipure 11Pro, muda mrefu baada ya kiatu hicho kuondolewa sokoni. Adidas iliendelea kumtengenezea, na mwaka 2024, alipokuwa akistaafu, ikatoa toleo maalumu la kiatu hicho kwa mashabiki. Mtu ambaye kazi yake yote ilitegemea namna mguu unavyogusa mpira hakuona faida ya kuujifunza upya mguu wake kila msimu.

Hata hivyo, Mwalimu, usiwaache vijana waamini kwamba kila cha zamani ni bora, kwa kuwa historia ya marathoni inakataa. Haile Gebrselassie aliweka rekodi ya dunia ya 2:03:59 mjini Berlin mwaka 2008 akiwa na Adidas Adizero Adios, na Dennis Kimetto akaishusha hadi 2:02:57 katika jiji lile lile mwaka 2014 akiwa na kiatu cha ukoo huo huo, lakini chenye povu jipya la Boost. Mwaka 2023, Tigst Assefa wa Ethiopia aliweka rekodi ya wanawake ya 2:11:53 kwa kiatu kilichokuwa kimetambulishwa siku chache tu kabla ya mbio, chenye uzito wa gramu 138 na bei ya dola 500. Wanaofaidika na kipya wapo, ila hukizoea kwanza. Vijana wako wavae vile viatu vipya katika mbio fupi na nyepesi, mara moja au mbili kwa wiki, wakiongeza kidogo kidogo, na atakayeona baada ya hapo kwamba bado havimfai aruhusiwe kumpa mwenzake. Mfadhili naye aambiwe ukweli huo kwa adabu. Safari ijayo aulize kwanza toleo na saizi.

SWALI: Kampuni imebadilisha kiatu changu cha mazoezi, lakini duka moja hapa mjini bado lina jozi za toleo la zamani kwa bei ya punguzo. Ninunue nyingi niweke akiba? Na je, mitumba inafaa? — Dada mkimbiaji, Nairobi.

JIBU: Dada, nunua mbili, au tatu ikiwa unakimbia sana, lakini usijaze kabati. Povu la soli huzeeka hata likiwa ndani ya boksi, gundi hukauka, na joto huharakisha yote mawili, kwa hiyo boksi lisikae chini ya bati wala ndani ya gari linaloanikwa juani. Chini ya ulimi wa kiatu huwa na lebo, na nyingi huonyesha tarehe ya kutengenezwa. Isome kabla ya kulipa, maana "mpya" inaweza kuwa imekaa ghalani miaka. Kiatu cha mazoezi kwa kawaida hudumu kati ya kilomita 500 na 800, na ukivaa jozi mbili kwa kupokezana, kila moja hupata muda wa kukauka na povu lake kurudi katika hali yake.

Kuhusu mitumba, bei yake inavutia na tunaelewa kwa nini wengi huitegemea, lakini soli ya chini inaweza kuonekana nzima ilhali povu la juu yake limekwisha kazi. Kiweke kiatu mezani kwenye usawa wa macho na kukitazama kwa nyuma. Kikiinamia upande mmoja, kimeshachukua umbo la mguu wa mtu mwingine, na mikunjo mingi myembamba pembeni mwa soli ya kati ni dalili kwamba povu limebanwa kupita kiasi. Cha namna hiyo kinafaa kuendea sokoni, si kukimbilia kilomita 30.

SWALI: Je, viatu vya matoleo ya zamani vinaruhusiwa katika mashindano rasmi? — Msomaji, Mombasa.

JIBU: Vingi vinaruhusiwa, lakini si vyote. Kwa mbio za barabarani, World Athletics, yaani shirikisho la riadha duniani, iliamua Januari 2020 kwamba soli isizidi unene wa milimita 40 na isiwe na bamba zaidi ya moja. Kwa mbio za uwanjani, tangu tarehe 1 Novemba 2024 kikomo ni milimita 20 kwa mbio zote, ilhali kabla ya hapo wakimbiaji wa mita 800 na kuendelea waliruhusiwa milimita 25. Mwenye spaiki, yaani viatu vya misumari, za zamani za mita 5,000 anaweza basi kuwa na kiatu kilichokuwa halali alipokinunua na ambacho leo si halali. World Athletics ina orodha ya viatu vilivyoidhinishwa, na itazamwe kabla ya kujiandikisha, kwa kuwa marefa hawasikilizi udhuru wa kutojua. Derara Hurisa wa Ethiopia alivuka utepe wa kwanza katika marathoni ya Vienna mwezi Septemba 2021, kisha akaondolewa kwa sababu soli ya kiatu chake ilikuwa na sentimita 5. Katika fomu alikuwa ameandika kiatu kingine kilichoruhusiwa, na ushindi ukaenda kwa Leonard Langat wa Kenya.